Kunuka na Kunukia

Katika miaka yote niliyofundisha Kiswahili, hakuna kitenzi kilichonifurahisha kukiandika ubaoni kama kitenzi "nuka". Uongeze irabu moja tu, i, kabla ya ile ya mwisho, na uvundo wote unageuka kuwa uturi. Samaki aliyeoza ananuka, waridi linanukia. Wanafunzi walicheka kila mwaka, nami kila mwaka nilimsimamisha yule aliyecheka kuliko wenzake nikamwuliza: karanga zinazokaangwa, je, zinanuka au zinanukia? Hapo darasa liligawanyika. Wengi walipiga kelele kwamba zinanukia. Wachache walikaa kimya, na nilipochunguza niliona kwamba aghalabu walikuwa watoto wa wauzaji, wale ambao sare zao zilikuja shuleni zikiwa na harufu hiyo hiyo kila asubuhi.

Jambo jingine katika lugha yetu ni kwamba harufu hatuioni wala hatuionji, bali tunaisikia. Mgeni anayejifunza Kiswahili hushangaa, akadhani tumechanganya pua na sikio. Mimi naona wazee waliotuachia usemi huo walijua walichokuwa wakisema. Harufu ni habari. Mtu akiingia chumbani, kabla hajafungua kinywa, harufu yake imekwisha kutusimulia alikotoka: jikoni, shambani, kwenye mkaa, au kwenye nyumba ambayo sabuni haikosekani. Wala hawezi kuikatiza isimseme.

Nimeanza na sarufi kwa sababu ya ugonjwa wa kazi. Ninalotaka kulizungumza ni manukato, tena manukato ya bei ndogo, yale yanayonukia vitu vya kula.

Ndugu msomaji, ukizunguka siku hizi karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu hapa Morogoro, lile jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2021, pua yako itapokea mengi: dagaa, tangawizi, kabichi za Mgeta zilizoanza kulegea kwa jua, moshi wa bodaboda. Katikati ya hayo itakujia harufu ya karanga na sukari iliyoungua kidogo, nawe utageuka kumtafuta muuza kashata. Hayupo. Kuna meza ndogo kwenye baraza ya duka, chupa za kioo zimepangwa kama wanafunzi mstarini, na nyuma yake amekaa mjukuu wangu.

Mjukuu huyu ni mwalimu. Ana shahada ya ualimu aliyoipata 2021, na tangu hapo ameomba ajira mara tatu. Simlaumu mtu, waombaji ni wengi kuliko nafasi, na mwenyewe hajapata kuniambia neno la kulalamika. Alichofanya ni kuchukua akiba ya mama yake, shilingi 150,000, akapanda basi Msamvu kwenda Kariakoo, akarudi na mafuta ya manukato ya kupima. Huyavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano kutoka kwenye chupa kubwa, akayaingiza katika vichupa vyenye kijipira kinachobiringika mdomoni. Mililita 6 ni shilingi 3,000. Anayo pia machache ya kupuliza, yaliyomo katika maboksi yenye maandishi ya dhahabu, kutoka Falme za Kiarabu, kwa shilingi 25,000. Kila aina ina jina lake refu la Kiarabu au la Kifaransa, lakini ile inayokwisha kwanza kila mwezi wateja huiita "ile ya karanga". Huinunua wauguzi, walimu, mama ntilie, na hata vijana wa bodaboda, ambao husema wanampelekea mtu.

Siku moja alinikatia kipande cha karatasi ya daftari, akakigusisha kichupani, akanipa.

"Babu, nusa hii."

Nilinusa. Kwanza ulikuja mdalasini, mkali kidogo. Ukapita. Ikaja karanga iliyoiva vizuri pamoja na kitu kama lozi. Baada ya hapo ukabaki utamu, ule wa sukari inapokuwa ya rangi ya kahawia sufuriani, na mtu anapaswa kuiepua upesi.

"Mke wangu," nikamwambia, maana ndivyo babu na mjukuu wanavyotaniana kwetu, "hii ni kashata."

"Babu, haya ni manukato."

"Basi ni kashata iliyokwenda shule."

Karatasi ile niliirudi nayo nyumbani. Kesho yake nilimpelekea rafiki yangu, mstaafu mwenzangu aliyefundisha kemia, nikiwa nimeitia katika bahasha kama mtu anayepeleka damu maabara. Mtu huyu hajui kujibu swali kwa sentensi moja, na siku hiyo nilishukuru.

Utamu ule, alisema, kwa sehemu kubwa ni vanilini, kiini cha vanila. Vanila ni tunda la okidi itambaayo, na asili yake ni Meksiko. Ilipopelekwa nchi nyingine ilitoa maua bila matunda, kwa kuwa wadudu wa kuyachavusha hawakuwapo. Ikawa hivyo mpaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa mwenye miaka 12, Edmond Albius, alipoonyesha jinsi ya kulichavusha ua kwa kijiti na kidole gumba. Njia yake ndiyo itumikayo mpaka leo Madagaska, Komoro na Uganda. Matajiri wa kisiwa walipata mali. Albius alikufa maskini mwaka 1880. Kwa sababu kila ua hushikwa kwa mkono, na maganda huchukua miezi mingi kukomaa na kukaushwa, vanila ya shambani ni ghali mno. Mwaka 2018 kilo moja ilivuka dola 500 za Marekani.

Sasa sikiliza lililonigusa mimi. Mwaka 1858 Mfaransa Gobley alifanikiwa kukitenga kile kiini, na mwaka 1874 Wajerumani wawili, Tiemann na Haarmann, wakakitengeneza bila vanila, kutokana na utomvu wa misonobari. Baadaye ikaonekana kwamba kinaweza kupatikana kutokana na yujenoli, ambayo ndiyo hasa mafuta ya karafuu. Kwa miaka mingi viwanda vya Ulaya vilikitengeneza hivyo, kabla havijageukia mabaki ya viwanda vya karatasi na kisha mafuta ya petroli. Na karafuu za dunia wakati huo sehemu kubwa zilitoka wapi? Unguja na Pemba. Kwa hiyo bibi wa Paris aliyenukia vanila miaka ile huenda alikuwa akinukia jasho la mchumaji wa karafuu wa Wete, ila karafuu yenyewe ilikuwa imekwisha kubadilishwa jina njiani.

Harufu ya karanga nayo ina maelezo yake. Chakula kikipata moto mkali, sukari iliyomo huungana na sehemu za protini, na hapo huzaliwa chembe mpya nyingi. Ndiyo rangi ya mkate na harufu ya kahawa. Mfaransa Maillard alieleza jambo hilo mwaka 1912. Baadhi ya chembe hizo, ziitwazo pirazini, ndizo zinazotuambia karanga imeiva, na kiasi kidogo mno hutosha. Kisha kuna etili maltoli, inukayo (rafiki yangu alinitazama, akajisahihisha mwenyewe), inukiayo sukari iliyoungua. Hiyo ilipata sifa mwaka 1992, wakati nyumba ya Thierry Mugler ya Ufaransa ilipotoa manukato yaitwayo Angel, yaliyotungwa na Olivier Cresp. Vanila ilikuwamo katika manukato tangu zamani. Shalimar ya Guerlain ya mwaka 1925 inayo tele. Lakini kumfanya mtu mzima anukie peremende waziwazi, hilo ni jambo la juzi. Wafaransa huyaita manukato ya namna hii gourmand, yaani ya mtu apendaye kula vizuri. Sisi tungesema mlafi, lakini hakuna atakayenunua.

Nilimwuliza kwa nini basi haya ya mjukuu wangu ni ya shilingi 3,000. Akacheka. Vanilini ya kiwandani bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya vanila ya shambani, na hizo chembe nyingine hutumika kidogo. Waridi la kweli na udi wa kweli havikubali kuigwa kwa fedha ndogo. Pua ya mjuzi hutambua mara moja. Utamu wa sukari na karanga huiga vizuri hata maskini. Wale wanaolipa mara hamsini zaidi wanalipia pia chupa, picha ya mwanamke mrembo na kodi ya duka. Tunayo methali inayosema rahisi ghali, na nimeitumia mara nyingi kuwakataza wazazi viatu vya plastiki, lakini hapa naona haifai. Kasoro moja tu naitaja: mtu asijimwagie nusu ya kichupa kisha akapanda daladala ya Kihonda saa saba mchana. Kuna wenye pumu.

Sasa nije kwenye kashata yenyewe.

Vijana hawajui miaka ile. Baada ya vita vya Kagera, 1978 na 1979, bidhaa ziliadimika hata mtu akaona haya kuomba chumvi kwa jirani. Mkoa wetu ulikuwa na viwanda viwili vya sukari, Kilombero na Mtibwa, na bado tulipanga foleni kwa kilo moja. Sabuni ilipokosekana watu walifulia majani ya mpapai. Mimi nilikuwa nimekwisha kutoka chuo cha ualimu pale Kigurunyembe na kupewa shule chini ya milima, na nakumbuka kuwapanga walimu wenzangu viti mbalimbali ofisini, kwa sababu ya joto, bila kusema sababu. Manukato yalikuwa neno la katika kamusi.

Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, na sukari ikaonekana tena madukani kwa mwenye fedha, mshahara wangu haukuonekana nayo. Hapo ndipo marehemu mke wangu alipoanza kupika kashata. Hakuniomba ruhusa, aliniomba sinia.

Alianza saa kumi za alfajiri. Karanga alizikaanga sufuriani bila mafuta, akizigeuza bila kupumzika, kisha akazisugua kwa viganja zikiwa bado za moto na kuzipepeta kwenye ungo, maganda mekundu yakaruka uani. Sukari aliiyeyusha peke yake, bila maji, na hakuitazama. Aliisikiliza kwa pua. Alisema sukari haibishi hodi mara mbili. Ilipofika palepale anapopataka alitia iliki iliyotwangwa, iliyoshuka kutoka kwao Matombo, akamwaga karanga, akakoroga mara chache kwa nguvu, akamwaga vyote kwenye sinia iliyopakwa mafuta na kukata kwa kisu kabla havijapoa. Saa kumi na mbili binti yetu mkubwa alikuwa njiani kwenda kituo cha mabasi. Shilingi tano kipande. Kwa kashata hizo watoto wanne walivaa sare na wawili walimaliza kidato cha sita.

Harufu ile iliingia katika nyumba nzima. Ilikuwa katika mapazia, katika madaftari niliyosahihisha, katika nywele zake. Mimi niliipenda, na nilimwambia. Kwake yeye ilikuwa habari nyingine. Siku moja alikwenda kwenye mkutano wa akina mama, akaketi karibu na mke wa mkubwa mmoja. Yule mama akavuta pumzi, akatabasamu, akasema kwa sauti ya wote kusikia: "Leo hapa pananukia kashata." Wakacheka. Wala hakusema "pananuka". Alitumia kitenzi kizuri kabisa.

Tangu siku ile mke wangu alikuwa na kanga za jikoni mbali na kanga za kutokea. Kila alipotaka kwenda msibani, harusini au kanisani, alijisugua mikono kwa ndimu mpaka ngozi ikawasha, akaoga mara mbili, akajipaka poda. Alifanya hivyo miaka ishirini na zaidi. Hata alipoacha kupika, ndimu haikuacha kukaa kando ya ndoo.

Alifariki mwaka 2016. Sisi Waluguru ukoo wetu ni wa upande wa mama, kwa hiyo alizikwa kwao, Matombo, na mjukuu huyu, kwa kuwa ni mtoto wa binti yangu, ni wa ukoo wa bibi yake, wala si wangu. Mimi kwake ni babu wa kutaniwa. Mwenye neno juu yake ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu.

Mwaka jana tulikwenda kusafisha kaburi. Njia ni ile ya Bigwa na Mkuyuni, mlima uko kulia kwako muda wote, na pembeni mwa barabara watu wameanika karafuu na mdalasini juu ya mikeka. Wenye mashamba hayo huuza kwa bei wanayotajiwa na mchuuzi aliyekuja na gari, kwa maana wao gari hawana. Tulifika saa nne. Shemeji alimkumbatia mjukuu, kisha akamsukuma nyuma taratibu akamshika mabega.

"Umepika nini?"

"Sijapika, bibi. Ni manukato."

"Umeyanunua?"

"Nayauza, bibi."

Shemeji alinitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyemfundisha, kisha akamrudia mtoto. Hakupaza sauti. "Harufu hii dada yangu aliikwangua kwa ndimu mpaka anazeeka. Hutakwenda nayo kaburini kwake. Kaoge."

Mjukuu alikwenda kuoga. Hakujibu, na nilimsifu moyoni, kwa kuwa alikuwa na la kujibu. Nimelifikiri sana jambo hili na sioni kwamba shemeji alikosea, wala sioni kwamba mtoto alikosea. Mke wangu hakuionea haya kashata. Aliihesabu kwa fahari kila jioni, sarafu juu ya sarafu. Alichokichukia ni kusomwa na watu kabla hajasema. Harufu ya jiko ilimfuata bila kuulizwa. Mjukuu wake anajipaka akitaka, na asipotaka hufunga. Chupa ina kifuniko, jiko halina. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo shilingi 3,000 yenyewe anayolipa yule muuguzi au mama ntilie: uwezo wa kuchagua atakachosikika nacho akiingia mahali. Zamani uwezo huo ulikuwa wa mke wa mkubwa peke yake.

Ila vanilini si kitu cha kuondoka kwa ndoo moja ya maji. Rafiki yangu alikuwa amekwisha kunieleza: chembe nyepesi, kama za ndimu na machungwa, huruka upesi, na nzito hubaki zimeng'ang'ania ngozi na nguo hadi kesho. Tulipoinama kung'oa majani, jua lilipopanda na migongo kupata joto, ikaanza kutoka. Kwanza kidogo. Kisha ikawa pale kaburini kuna harufu ya alfajiri ya nyumbani kwangu, mwaka 1986. Wanawake wa ukoo waliokuwa wakifagia waliinua vichwa mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka. Shemeji aliendelea kung'oa majani sehemu ambayo ilikwisha kuwa safi, na nilimwona akifuta uso kwa ncha ya kanga. Sikumwuliza, na sitamsingizia kwamba alilia. Jasho lilikuwapo pia.

Jioni, tulipokuwa tukinywa chai, bibi mmoja mzee sana alimwita mjukuu, akataka kuona hicho kichupa. Akajibiringishia mkononi, akanusa, akakaa. Akauliza kama ndani mna iliki. Mjukuu akasema hapana, labda mdalasini. "Hasara," akasema yule bibi, "wangetia iliki." Kisha akauliza bei.

Mkoba ulikuwa na vichupa kumi na viwili. Viliondoka vyote usiku ule, kimoja kwa kilo ya magome ya mdalasini, viwili kwa fedha taslimu, na vilivyobaki kwa mkopo mpaka karafuu zitakapouzwa. Mjukuu aliandika majina katika daftari, akapiga mstari chini ya kila jina kwa rula, jambo lililonifurahisha kama mwalimu. Jina la mwisho lilikuwa la shemeji. Alikichukua kichupa chake gizani, tulipokuwa tumekwisha kupanda gari, kupitia dirishani.

Wengine wote wamekwisha kulipa. Shemeji anasema atalipa mvua zikikatika.